Kiyoyozi cha Gari Kisichotoa Baridi: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi Wanaosafiri Dodoma na Nyanda za Kati

Watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wanaotoka Visiwani kwenda Dodoma kwa shughuli za Bunge, mikutano ya Wizara, masomo au biashara huvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha hushika njia ya Chalinze, Morogoro na Gairo, mwendo wa kilomita zipatazo 450. Safari hiyo huanzia usawa wa bahari na kuishia katika nyanda zilizoinuka mita zipatazo 1,100. Abiria huondoka katika hewa nzito yenye unyevu na kuingia katika hewa kavu, yenye jua kali la mchana na vumbi jingi.

Jambo moja linalowasumbua wengi katika safari hiyo ni kiyoyozi cha gari kilichokuwa kikifanya kazi vyema, ambacho ghafla huanza kupuliza hewa ya vuguvugu. Aghalabu dereva huambiwa kwamba gesi imekwisha. Gesi hutiwa, fedha hulipwa, na baada ya wiki chache joto hurudi. Hutiwa tena, na tena. Mwisho wa mwaka kiasi kikubwa cha fedha kimetumika, nayo kasoro yenyewe haijaguswa.

Madhumuni ya maelezo haya ni kubainisha namna kiyoyozi kinavyofanya kazi, sababu zinazokifanya kikose baridi, mambo ambayo dereva anaweza kuyachunguza mwenyewe bila ya hatari, na mambo ambayo hapana budi yaachiwe fundi mwenye ujuzi na vifaa.

HALI YA HEWA YA NYANDA ZA KATI

Mkoa wa Dodoma hupata mvua kidogo, wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Disemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi. Upepo huvuma, ardhi hukauka, na vumbi hupanda katika njia za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Joto la mchana huzidi zaidi kuanzia Oktoba hadi mvua zitakapoanza. Tofauti za hali hii na ile ya Visiwani zina athari tatu kwa kiyoyozi, nazo inafaa zifahamike kabla ya jambo lolote.

Kwanza, vumbi. Machujio ya hewa na mapezi ya kondensa huziba upesi kuliko inavyoelezwa katika vitabu vya magari, ambavyo vingi viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye barabara za lami kila mahali.

Pili, ukavu wa hewa. Dereva wa Unguja au Pemba amezoea kuona maji yakidondoka chini ya gari lililowashwa kiyoyozi. Maji hayo ni unyevu wa hewa ulioganda katika mabomba ya baridi ndani ya dashibodi, mfano wa majimaji yanayotokea nje ya gilasi ya maji ya barafu. Dodoma wakati wa kiangazi unyevu huo ni haba, kwa hiyo maji huwa machache au hayaonekani kabisa. Kutoona maji chini ya gari huko si dalili ya ubovu. Wapo waliokubali matengenezo yasiyo na haja kwa sababu hiyo tu.

Tatu, wepesi wa hewa. Katika kimo cha mita 1,100 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi kuliko ya pwani. Feni inayopuliza kondensa hupitisha hewa ya ujazo ule ule, lakini hewa hiyo huchukua joto pungufu. Kiyoyozi kizima hakioni taabu yoyote. Kile kilichokwisha dhoofika ndicho hudhihirisha udhaifu wake kinapofika huko.

Aidha, lipo jambo moja linalowahusu wakaazi wa Visiwani peke yao. Chumvi ya bahari hula madini ya alumini ambayo kondensa na mabomba mengi hutengenezwa kwayo. Tundu dogo lililoanzia Unguja huweza kukua kwa mitikisiko ya safari ndefu, na gari likaonekana kuharibika Dodoma ilhali maradhi yake yalianzia nyumbani.

NAMNA KIYOYOZI KINAVYOFANYA KAZI

Watu wengi hudhani kuwa kiyoyozi hutengeneza baridi. Kwa hakika kazi yake ni kuchukua joto lililomo ndani ya gari na kulitoa nje. Mfano wake unapatikana katika kila nyumba yenye mtungi wa udongo. Maji yanayopenya hadi nje ya mtungi hukauka, na yanapokauka huondoka na joto, ndipo maji yanayobaki ndani yakapoa. Kila kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, na mvuke unaporudi kuwa kimiminika hulitoa joto hilo.

Katika gari, badala ya maji hutumika gesi maalumu inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hiyo ikawa ya moto na yenye presha kubwa. Gesi huingia katika kondensa, ambayo hukaa mbele ya rejeta. Hapo hupulizwa na upepo wa safari au feni, hutoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita katika chujio la kukausha unyevu, kisha katika tundu jembamba la vali ya kupanulia. Baada ya vali hiyo presha huanguka ghafla. Kimiminika huchemka kwa baridi ndani ya evaporeta iliyomo nyuma ya dashibodi, nayo hewa ya ndani ya gari hupita juu ya evaporeta hiyo ikapoa. Hatimaye gesi hurudi katika kompresa na mzunguko huanza upya.

Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza ni kwamba gesi hailiwi wala haichomwi kama petroli, huzunguka tu. La pili ni kwamba baridi hukosekana ikiwa kiungo kimoja tu cha mzunguko kimekwama, iwe ni kompresa isiyozunguka, kondensa isiyopata upepo, vali iliyoziba, gesi iliyovuja au hewa ya ndani isiyopita. Kutia gesi hutibu moja tu kati ya hizo, nayo kwa muda.

KUTAMBUA AINA YA KASORO

Kabla ya kufungua boneti, dereva ajiulize ni kasoro ya namna gani aliyo nayo. Jawabu la swali hilo ni nusu ya matibabu.

(a) Hewa inayotoka ni haba, ingawa ni baridi.
(b) Hewa ni nyingi, lakini si baridi kabisa.
(c) Kuna baridi gari linapokwenda, na joto linaposimama.
(d) Baridi huja na kuondoka.

Kadhalika dereva athibitishe mambo madogo ambayo mara nyingine husahauliwa: swichi imewashwa, kitasa cha joto kimegeuzwa hadi mwisho wa upande wa baridi, na hewa imewekwa izunguke ndani badala ya kuvutwa kutoka nje. Gari lililokaa juani lifunguliwe milango au vioo kwa dakika chache kwanza ili hewa iliyochemka itoke. Haifai kuhukumu kiyoyozi katika dakika mbili za mwanzo.

HEWA INAPOKUWA HABA

Ikiwa hewa inayotoka ni baridi lakini ni kidogo, sehemu kubwa ya magari huwa na tatizo la chujio la hewa ya ndani. Chujio hilo, ambalo kwa magari mengi hupatikana nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, hulitoa dereva mwenyewe kwa mkono. Likiwa jekundu au la kijivu kwa vumbi, libadilishwe. Kulikung'uta ni dawa ya siku mbili. Kwa gari linalofanya kazi katika barabara za vumbi za Kondoa, Chemba au Manyoni, inafaa chujio litazamwe kila mwezi wakati wa kiangazi.

Wapo mafundi wanaoliondoa chujio na kuliacha gari bila ya kitu, wakasema hewa sasa inapita vizuri. Ni kweli hupita, lakini vumbi lote hushika katika evaporeta yenye majimaji na kuwa tope. Kuisafisha evaporeta hulazimu kufungua dashibodi nzima.

HEWA NI NYINGI LAKINI SI BARIDI

Hapa dereva atazame kompresa. Injini ikiwa inanguruma na gari limefungwa breki ya mkono, msaidizi awashe kiyoyozi kutoka ndani, naye dereva asikilize mbele. Katika magari mengi husikika mlio mfupi wa "tak", na sehemu ya mbele ya puli ya kompresa, iliyokuwa imetulia, huanza kuzunguka pamoja na mkanda. Hiyo ni klachi inayoshika. Inafaa ieleweke kuwa baadhi ya magari mapya yana kompresa isiyokuwa na klachi; hayo hayawezi kupimwa kwa njia hii.

Iwapo klachi haishiki, huenda sababu ikawa fyuzi iliyoungua, rilei mbovu, waya uliokatika, au swichi ya presha iliyozuia umeme. Dereva anaweza kuitazama fyuzi na kuibadilisha kwa nyingine ya kiwango kile kile. Ikiungua tena, asiweke kubwa zaidi, bali ampelekee fundi wa umeme.

Swichi ya presha imewekwa makusudi. Gesi inapokuwa pungufu mno hukata umeme wa klachi ili kompresa isizunguke mikavu, kwa sababu oili inayoilainisha husafiri pamoja na gesi. Baadhi ya watu huunga waya moja kwa moja ili kuipita swichi hiyo. Kompresa huzunguka, abiria hufurahi kwa muda, kisha hukwama na kusambaza vipande vya chuma katika mabomba yote. Kasoro iliyokuwa ya mpira wa senti chache huwa ni ya kubadilisha mfumo mzima.

Ikiwa klachi inashika, dereva anaweza kugusa kwa hadhari bomba nene linaloingia ukutani kuelekea dashibodi. Likiwa baridi huku hewa ya ndani ni ya moto, kiyoyozi hakina kosa. Tatizo lipo katika kibao kinachochanganya hewa ya baridi na ile ya hita, ambacho kimekwama au waya wake umechomoka. Hapo gesi haihusiki kabisa. Bomba hilo likiwa vuguvugu, basi mzunguko wenyewe una upungufu na fundi wa viyoyozi anahitajika. Mabomba yanayotoka katika kompresa kuelekea mbele yasiguswe, kwani huwa ya moto wa kuunguza.

BARIDI NJIANI, JOTO KATIKA KUSIMAMA

Hii ni kasoro inayojitokeza sana mjini, gari linaposubiri nje ya ofisi au katika foleni. Gari linapokwenda, upepo wa safari hupoza kondensa. Linaposimama, kazi hiyo ni ya feni peke yake. Feni ikiwa imekufa au imedhoofika, au mapezi ya kondensa yakiwa yamezibwa na vumbi, mbegu za nyasi na wadudu, joto halina pa kutokea.

Kiyoyozi kikiwashwa, feni ya umeme iliyo mbele huanza kuzunguka mara moja au baada ya muda mfupi. Isipozunguka, sababu imepatikana. Hadhari inahitajika hapa: feni za umeme huweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa, kwa hivyo mkono, kanga, buibui au tai visikaribie.

Kondensa huoshwa kwa maji ya mpira yenye nguvu ya wastani, injini ikiwa imepoa, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda nje pale inapowezekana, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine za kuoshea magari zenye nguvu nyingi zisisogezwe karibu, kwani hulaza mapezi, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Vile vile magari mengi hukata kiyoyozi yenyewe pale injini inapozidi joto. Gari likipoteza baridi katika mwinuko ulioko kati ya Dumila na Gairo, dereva atazame kwanza geji ya joto la injini. Huenda tatizo likawa ni la rejeta, nalo ni kubwa kuliko la kiyoyozi.

BARIDI INAYOKUJA NA KUONDOKA

Ikiwa baridi ni nzuri kwa muda wa saa moja, kisha hewa hupungua hadi kukata, yawezekana evaporeta imeganda barafu na kujiziba. Dereva azime kiyoyozi na kuiacha feni ya ndani ikipuliza kwa dakika 10 hadi 15. Hewa ikirudi, ndivyo hivyo. Kasoro hiyo hudhihiri zaidi katika hewa yenye unyevu ya Pwani na Morogoro, na huweza kutoweka gari linapoingia katika ukavu wa Dodoma. Haikupona, itamsubiri dereva wakati wa kurudi. Sababu zake ni chujio lililoziba, gesi pungufu, au kipimajoto cha evaporeta kilichoharibika.

Aidha, unyevu ulioingia ndani ya mabomba wakati wa matengenezo mabaya huganda katika tundu la vali ya kupanulia na kuzuia mzunguko, kisha ukayeyuka na kuuachia tena. Dawa yake ni kubadilisha chujio la kukausha unyevu na kuvuta hewa yote kwa pampu.

GESI HAIISHI, HUVUJA

Imeelezwa hapo juu kwamba gesi huzunguka na wala hailiwi. Ni kweli kwamba kiasi kidogo sana hupenya katika mipira ya mabomba mwaka hadi mwaka, na gari la miaka mingi huweza kupungua kidogo. Lakini gari linalohitaji gesi kila mwezi au kila miezi mitatu lina tundu. Kutia gesi humo ni sawa na kutia maji katika pakacha.

Dalili ya mvujo huonekana kwa macho. Oili hutoka pamoja na gesi, na vumbi la Dodoma hushika juu yake. Sehemu yenye doa jeusi la mafuta na vumbi katika kiungo cha bomba, mbele ya kompresa au katika kondensa ni ya kutiliwa shaka. Fundi huthibitisha kwa povu la sabuni, kwa rangi maalumu inayong'aa kwa taa yake, au kwa kujaza naitrojeni kavu na kutazama kama presha inashuka.

KAZI YA FUNDI, NA YANAYOFAA KUULIZWA

Mwenye gari halazimiki kujua ufundi, lakini ana haki ya kuuliza. Fundi anayetia gesi bila ya kufunga geji mbili ni sawa na tabibu anayetoa dawa bila ya kumpima mgonjwa.

Kwa gari lenye gesi ya R-134a, hewa ya nje ikiwa na joto la nyuzi 30 hivi na injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa kawaida geji ya upande mdogo huonesha paundi 25 hadi 40, na ya upande mkubwa paundi 150 hadi 250. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipati upepo. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kompresa imechoka. Upande mdogo ukianguka karibu na sifuri au chini yake, kuna kizuizi katika vali au chujio. Katika hali hizo nne ni moja tu inayohitaji gesi. Gesi iliyozidi nayo hupunguza baridi na kuielemea kompresa.

Mfumo ukishafunguliwa, hewa na unyevu havina budi kuvutwa kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa. Hapa ipo nukta inayowababaisha mafundi waliozoea pwani. Kwenye usawa wa bahari sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Dodoma, kwa sababu ya kimo chake, pampu nzima kabisa haitaivusha sana inchi 26. Hiyo ni hali ya maumbile, wala haimaanishi kuwa kuna tundu au kwamba pampu ni mbovu. Kinachotazamwa ni kama sindano inabaki pale pale baada ya pampu kuzimwa. Ikipanda, mfumo unavuja au bado una unyevu, na gesi isitiwe.

Gesi hutiwa kwa kupimwa uzito. Kiasi chake kimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Gari dogo huchukua gramu 400 hadi 600 hivi, na gari kubwa lenye kiyoyozi cha nyuma huchukua zaidi. Kazi ikimalizika, kipimajoto kiwekwe katika tundu la katikati la dashibodi. Nyuzi 5 hadi 10 ni matokeo mazuri.

AINA ZA GESI NA DHIMA YA KUZIHIFADHI

Magari ya zamani yalitumia gesi ya R-12, iliyovumbuliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walitahadharisha kuwa gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini mwaka 1987, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa magari walihamia katika R-134a, ambayo haidhuru ozoni. Hata hivyo gesi hiyo huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 1,000 ya hewa ukaa ya uzito ule ule. Nusu kilo inayoachiwa hewani nyuma ya gereji ni sawa na zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, nchini Rwanda, Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua. Baadhi ya magari mapya hutumia R-1234yf, ambayo athari yake ni ndogo mno, lakini huweza kushika moto.

Gesi hizi hazichanganywi. Kila moja ina oili yake na viungo vyake, na fundi hana budi kusoma karatasi ya boneti kabla ya kufunga chupa.

HADHARI

(a) Gesi ya kupikia isitiwe kamwe katika kiyoyozi cha gari kisichotengenezwa kwa gesi ya moto. Hupoza kweli, lakini tundu moja nyuma ya dashibodi na cheche moja ya swichi vyatosha kuteketeza watu.

(b) Asifungue mtu bomba lolote lenye gesi. Gesi inayofumka hugandisha ngozi na huweza kupofua jicho. Moto wa kuchomelea usikaribishwe, kwani gesi iliyoungua hutoa sumu.

(c) Chanjo na dawa zinazotakiwa kuhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 zisafirishwe katika masanduku ya baridi yenye barafu. Kiyoyozi cha gari hakikuwekwa kwa kazi hiyo, hata kikiwa kizima.

(d) Mtoto, mzee au mgonjwa asiachwe ndani ya gari lililofungwa kwa kutegemea kwamba kiyoyozi kinafanya kazi. Kompresa huweza kukata wakati wowote, na katika jua la Dodoma joto la ndani laweza kupanda nyuzi zipatazo 10 katika dakika 10 za mwanzo. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Maisha ya mtoto hupotea kwa muda ambao mzazi anadhani ni wa kuchukua barua tu na kurudi.

MAGARI YA SERIKALI

Gari la Serikali ni amana. Inafaa kila mara kiyoyozi kinapotengenezwa ziandikwe katika daftari la gari tarehe, kasoro iliyokutwa, vipimo vya geji, aina na uzito wa gesi iliyotiwa, na kifaa kilichobadilishwa. Daftari likionesha gesi imetiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja bila ya kutajwa mvujo, mkuu wa usafiri asiidhinishe mara ya tatu hadi pale mvujo utakapotafutwa na kuzibwa. Kabla ya safari ya Dodoma, mambo manne yakaguliwe: chujio, kondensa, feni na mkanda. Ukaguzi huo hauzidi nusu saa na haugharimu chochote.

Vile vile kiyoyozi kiwashwe kwa dakika chache kila wiki, hata katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, ili oili iendelee kuzunguka na mipira ya viungo isikauke.

Dereva anayekwenda kilomita 450 katika joto huchoka upesi, na uchovu huzaa ajali. Kwa hiyo kiyoyozi kizima si anasa ya wakubwa, bali ni sehemu ya usalama wa chombo na wa waliomo ndani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ufa wenyewe mara nyingi ni chujio lenye vumbi, feni iliyokufa au kiungo cha mpira kilichochakaa.